Fundo la Upande wa Pili

Uzi ulikuwa unatembea.

Nasema kutembea makusudi. Samaki akinaswa hukimbia, huruka, hufanya vurugu zote za mtu aliyeshikwa shati mbele ya wakwe. Ule uzi ulikuwa unakwenda taratibu: hatua, kisha kama kitu kinaburutwa, halafu hatua tena. Dada yangu alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, fimbo ya kuvulia imepinda mbele yake, viatu vya dukani bado miguuni. Ilikuwa alasiri, mwanga wa kutosha kusomea gazeti, na bwawa lote limetulia kama sahani iliyooshwa.

“Dada, achia.”

“Siachii.”

“Unaingia majini.”

“Naona. Nina macho.”

Akapiga hatua nyingine, maji yakamfika mapajani. Ndipo fimbo ikanyooka ghafla na uzi ukalegea. Alisimama pale akihema, halafu akaanza kukunja polepole mpaka mwisho wa uzi ukatufikia. Ndoano haikuwepo. Nikaushika ule mwisho kwa vidole viwili, nikaunyanyua juu niuone vizuri, na utani wote nilioamka nao siku hiyo ukaniisha mdomoni.

Ulikuwa umejisokota kama mkia wa nguruwe.

Kwa mtu wa kawaida hilo si jambo. Kwangu mimi lilikuwa sawa na kukuta mlango ulioufunga kwa ufunguo uko wazi, na ufunguo bado unao mfukoni.

Duka lilikuwa la shemeji, mume wa dada. Chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa, chembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene wakiingia pamoja, mmoja ilibidi anunue kitu ili ampishe mwenzake. Wateja wetu ni wale watu wanaosimama majini saa nzima wakirusha kidudu cha kutengeneza, ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi, ili samaki wa maji baridi adhani ni mdudu wa kweli. Mimi nilikuwa na diploma ya ugavi na sikuwa na kazi. Shemeji akanichukua.

“Shemu,” aliniambia siku ya kwanza, “hiyo diploma itundike pale ukutani. Kuna tundu mjusi anapitia.”

Kazi yenyewe ni uzi. Wateja wanadhani ni fimbo, kwa sababu fimbo ndiyo inayopendeza kwenye picha. Kuna mshipi, ule mnene unaorushwa. Mbele yake unafunga uzi wa mbele, mnene unapoanzia na mwembamba unapoishia, ili nguvu ya mkono ipungue njiani na kidudu kitue bila kelele. Mwisho kabisa unafunga ncha, kipande cha mkono mmoja hivi, chembamba kuliko vyote, na hapo ndipo ndoano inapokaa. Ukiweka ncha nene, kidudu kidogo kinakakamaa kama kijiti na samaki anakipita akicheka. Ukiweka nyembamba mno kwa kidudu kikubwa, inajisokota hewani mpaka unatafuta wa kumlaumu. Kuna nailoni laini inayoelea, kuna ile ngumu inayozama na kupotea machoni. Shemeji alimtazama mteja usoni, akatoa kichwa nje kutazama mawingu, kisha akachagua, kama daktari wa macho anayebadilisha miwani.

Sheria moja tu hakumpindishia mtu. Ncha lazima iwe dhaifu kuliko vyote vilivyo nyuma yake. Aliwahi kuja bwana mmoja, mng'oa meno, akataka ncha isiyokatika kabisa.

“Hiyo siuzi, daktari.”

“Huna?”

“Ninayo. Siuzi. Ncha ni mlango. Ukikutana na kitu kikubwa kuliko wewe, pale ndipo mnapoachania. Ukiupiga misumari mtatoka wapi, wewe na yeye?”

“Na nikimkosa?”

“Utarudi nyumbani na uongo mzuri.”

Mafundo tulifunga wawili wawili. Mmoja anashika mwisho mmoja wa uzi, mwingine anafunga. Unazungusha, unapitisha, unalowesha kwa mate, maana uzi ukikazwa mkavu unaungua, kisha unakaza. Kile kipande kinachobaki shemeji alikikata kwa meno, na hapo ndipo dada alipokuwa anaanza.

“Mkasi uko mbele ya pua yako.”

“Mkasi haunijui.”

“Meno yakiisha nitakupikia uji, lakini usitegemee nitakutafunia nyama.”

“Shemu, unasikia ninavyopendwa?”

Nilisikia. Duka lilikuwa dogo, ulisikia kila kitu.

Bwawa letu lilijengwa kwa kuziba bonde, na barabara ya zamani ikabaki chini. Mpaka leo ukifika pale unaona lami inateremka, mstari mweupe katikati, inaingia majini bila wasiwasi wowote kama vile bado kuna mtu ataifuata. Shemeji alipenda kuvua hapo kwa sababu samaki hupita kandokando ya ile barabara. Mwanzoni mwa baridi alikwenda, na mfukoni mwa shati alikuwa na kidonge cha uzi wake mwenyewe, rangi ya chai hafifu. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuutengeneza, na yeye alijifichia akiba kama bibi anavyoficha sukari. Wateja walikuwa wanambembeleza awauzie, naye akiwaambia umeisha, huku mfuko umevimba.

Fimbo yake ilikutwa imelazwa juu ya lami, kwa adabu kabisa. Yeye hakukutwa.

Mzamiaji alishuka siku kadhaa. Siku ya mwisho alikuja dukani kutuaga, kofia mkononi, macho mekundu kwa maji.

“Nimeifuata barabara mpaka panapoanza giza, mama,” alimwambia dada. “Nisamehe. Kupita pale nimeshindwa. Nilikuwa naona kama nakaribishwa.”

Dada akampa chai. Alipoondoka nikamuuliza yule kijana alimaanisha nini. “Amechoka tu,” alisema, na akaisugua meza mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Msiba usio na mwili hauna adabu zake. Watu walikuja kutupa pole wakakwama katikati ya sentensi, hawajui waseme marehemu au wasiseme. Wengine waliuliza tunaendeleaje kama vile shemeji ana homa. Dada akawajibu wote vilevile, tunamshukuru Mungu, na akaendelea kufungua duka. Baada ya muda nikaona anafunga mapema, alasiri, na fimbo ya mumewe haipo ukutani. Kisha nikaona pindo la gauni lake linarudi limelowa. Siku ya tatu au ya nne nikamfuata, na ndiyo ile alasiri niliyokwisha kuwasimulia.

Sasa, mwisho wa uzi husema. Ukivutwa mpaka ukakatika, unakonda na kuwa mweupe. Ukikatwa na jiwe, unachanika kama ufagio uliochoka. Ukijisokota kama mkia wa nguruwe, haukukatika kabisa. Fundo limeachia. Inawatokea wanaojifunza. Dada yangu alikuwa amefunga mafundo ya lile duka miaka yote, huku anasikiliza redio na huku ananisema, na mafundo yake hayajawahi kuachia hata ungeyapigia magoti.

“Ulifungaje?” nilimuuliza, pale pale ukingoni.

“Kama siku zote.”

“Basi limefunguka.”

“Halifunguki,” alisema dada, anakamua gauni. “Kuna aliyelifungua.”

Kesho yake akaweka ncha nene zaidi. Ikarudi mkia wa nguruwe. Siku iliyofuata akaweka ile ngumu inayozama, ya samaki wakubwa, akailowesha na kuikaza mbele yangu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kitu kilishika, kikatembea, hatua na mburuto, kikielekea moja kwa moja kule barabara inakokwenda, na uzi ukarudi umejisokota. Nilijiambia ni gogo. Nikajiambia ni mkondo. Nina diploma, najua kujiambia vitu. Lakini nilikuwa nimeanza kulala taa ikiwa inawaka, na mke wangu, ambaye ana ulimi, akaniuliza kama nimeajiriwa kuwa mlinzi.

Kisha asubuhi moja dada aliweka juu ya meza ya duka uzi wa fundi viatu. Mnene, mweusi, umepakwa nta.

“Nitaufunga moja kwa moja kwenye mshipi,” alisema. “Bila uzi wa mbele, bila ncha. Mafundo nitatia gundi.”

“Huo unashona soli, dada. Unataka kumvua shemeji au kumtia kisigino?”

Akacheka. Alicheka vizuri, kicheko chake cha zamani, na ndicho kilichonitisha, kwa sababu mtu anayecheka hivyo ameshaamua.

“Na mwisho wa huku,” alisema, “nitajifunga kiunoni.”

Nje mtu alishuka ngazi, vumbi kidogo likatudondokea.

“Kule kuna mtu, mdogo wangu. Akinishika nazijua hatua zake. Mguu wa kulia anauburuta. Nimeishi na huo mguu, nimeusikia ukienda chooni na kurudi, nitaukosea?”

“Na akikuvuta?”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Basi. Nimesema.”

Dada hakujua kuogelea. Hata maji ya kuoga alikuwa anayapima kwanza kwa kidole. Ningeweza kuuficha ule uzi, au kuivunja fimbo, na yeye angetafuta kamba ya kuanikia nguo na kwenda peke yake. Hilo la kwenda peke yake ndilo pekee nililokuwa na uhakika nalo.

“Sawa,” nikasema. “Lete gundi. Lakini na mimi nafungwa hapo hapo. Akivuta atuvute wote, aeleze huko anakoishi kwa nini mke amekuja na mzigo.”

“Wewe mzito.”

“Ndiyo maana.”

Akaleta gundi. Halafu akanisogezea mwisho wa uzi nimshikie.

Siku hiyo hakukuwa na upepo. Mawingu yalikuwa meupe na ya chini, na maji yalinuka chuma kilichonyeshewa. Nilimfunga mwisho wa mshipi wa fimbo kiunoni, nikajifunga kwake kwa mkanda wa koti, tukashuka juu ya ule mstari mweupe kama maharusi wawili waliokosea ukumbi. Nilimwambia hivyo. Akaendelea kushuka.

Alirusha. Uzi ule mnene haukujua kuruka; ulijikokota hewani na kidudu kikatua kama kijiko kinachoanguka jikoni. Hakuna samaki mwenye akili timamu angesogea. Kikashikwa kabla maji hayajatulia.

Hatua. Mburuto. Hatua.

Tuliingia mpaka magotini, tukapita magoti. Nilikita visigino, lakini lami iliyokaa chini ya maji ina ute, na kila nilipopata pa kukanyaga palinitoka. Maji yalimfika dada kifuani. Baridi ilinibana mbavu nikasahau dua zote ninazozijua. Uzi haukukatika. Gundi ilikuwa nzuri, niliichagua mwenyewe.

“Dada, turudi!”

“Wewe rudi.”

“Nirudi vipi, nimefungwa!”

Akanyanyua kidevu kukwepa maji. Hakuwa analia wala hakuwa na hofu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaa kituoni muda mrefu na sasa anaona basi lake linakuja, na pale ndipo nilipojua kwamba nguvu zangu hazitoshi.

Uzi ukasimama.

Tulibaki hivyo, maji yakitugonga taratibu. Halafu ukaanza kutetemeka. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wa dada ili nisikie vizuri. Vilikuwa vitetemo vidogo, vya haraka, vya kuzunguka. Kisha kimya. Kisha mvuto mmoja wa kukaza. Kisha kitu kama mdonoo, tik.

Nikaitambua ile kazi. Nimeshikia watu uzi tangu niingie lile duka. Unapomshikia mtu upande mmoja naye anafunga upande wa pili, vidole vyake unavisikia. Unajua sasa anazungusha, sasa anapitisha. Unakijua kile kimya kidogo anapolipeleka fundo mdomoni kulilowesha.

“Anafunga,” dada alinong'ona.

Ikaanza tena. Vitetemo, kimya, mvuto, tik. Fundo la pili. Halafu tukapewa mvuto mwepesi sana, ule wa dukani, wa kumwambia mwenzako: tayari, vuta kwako.

Sijui tulitokaje. Nakumbuka nimekaa juu ya lami kavu, na dada anakunja, anakunja, na ule uzi mweusi unatoka majini unadondosha matone. Mwisho wake haukuwa mwisho. Kati ya uzi wa fundi viatu na ndoano palikuwa na kipande kirefu cha uzi mwingine, mwembamba kama unywele, rangi ya chai hafifu. Nikaupima kwa mkono wangu, ukazidi. Shemeji alikuwa na mikono mirefu.

Dada akaliweka lile fundo la juu karibu na jicho. Nikaliona na mimi. Dogo, limelala vizuri, kama chembe ya mchele. Kipande kilichobaki kilikuwa kimebanwa bapa pale kilipokatwa, kama kinavyobanwa na meno.

“Mjinga huyu,” alisema dada. Sauti yake ilitoka kama ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili. “Hata huko hatumii mkasi.”

Nikakigusa kile kipande kwa ukucha.

Akauvuta ule uzi mwembamba kidogo, kati ya mikono miwili, kuupima. Mtoto angeukata. Akaupima tena. Nikamwona anaelewa, taratibu, kuanzia mabegani. Nguvu zote tulizozifunga kwa nta na gundi zilikuwa zinaishia pale, kwenye kitu dhaifu kilichowekwa makusudi na mtu aliyeweza kutuvuta wote wawili kama angetaka.

“Nifungue,” aliniambia.

“Nini?”

“Kiunoni hapa. Vidole vimekufa baridi.”

Nikamfungua. Vyangu pia vilikuwa vimekufa, nikatumia muda, naye akasubiri bila kunisema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akachukua fimbo, akasimama pale maji yanapoanzia.

“Dada.”

“Nakuja sasa hivi.”

Safari hii kidudu kilitua bila kuamsha hata duara. Kikashikwa kwa upole, kama mtu anavyopokea kikombe. Kikaanza kutembea. Dada akakisindikiza, hatua chache, kama unavyomsindikiza mgeni mpaka getini, na maji yalipomfika juu ya kifundo cha mguu akasimama. Akaubana mshipi kwenye kiganja. Fimbo ikapinda. Niliona mgongo wake, na ule mgongo ulikuwa unaongea mambo ambayo hayakunihusu, nikatazama pembeni.

“Haya,” nilimsikia anasema. “Inatosha, baba.”

Hakukuwa na kishindo. Sauti kama ya mtu anayekata ukucha. Fimbo ikanyooka.

Alirudi akaketi karibu nami, akavua viatu, akamwaga maji, na kimoja akakigonga kwenye lami kama vile tatizo lilikuwa ni mchanga tu. Mwisho wa uzi ulining'inia kwenye fimbo aliyoilaza kati yetu. Nikaushika. Ulikuwa umekonda na kuwa mweupe, mkato safi wa kitu kilichovutwa mpaka kikashindwa. Hakuniuliza ule mwisho umesema nini, na mimi sikumwambia.

“Nina njaa,” alisema.

Tangu mumewe apotee sikuwahi kusikia neno hilo kwake. Nilikuwa na mkate kwenye begi, umebonyea na pembe moja imelowa. Nikampa nusu yake, kisha na kipande cha nusu yangu. Akala kama mtu aliyefanya kazi ya shamba, makombo yanamwangukia kifuani, anameza kabla hajamaliza kutafuna. Nikamwambia apunguze mwendo, hakuna anayemnyang'anya. Akanisukuma kwa bega.

Rili ya ile fimbo, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, ilikuwa imelala juu ya lami, kati ya mguu wangu na wake, haijaguswa na mtu. Ikazunguka jino moja. Tik. Kisha ikanyamaza.

Hakuna aliyegeuza kichwa.

“Upepo,” nikasema.

Dada alikuwa na mkate mdomoni. Akatafuna, akameza, akajifuta kidevu kwa mgongo wa mkono.

“Hakuna upepo,” alisema, na akanyoosha mkono apewe kipande kilichobaki.